Vipele vimemtoka baba baada ya dripu ya kwanza: nimsimamishie dawa?

Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 68. Aligundulika ana saratani ya damu (lukemia), ile ya limfositi, aina ya chembe nyeupe za damu, inayokwenda polepole. Siku 20 zilizopita alianza dripu za dawa za saratani, bendamustini na rituksimabu. Nyumbani anameza alopurinoli, kotrimoksazoli na asiklovia. Siku ya 11 vipele vilianza kifuani na mgongoni, vikashuka mikononi, na vinawasha hasa usiku. Daktari wa ngozi alisema ni aleji, akatupa krimu na setirizini, kidonge cha aleji. Wiki hii nimeona vidoa vingine miguuni, vidogo kama ncha ya sindano, na hivyo haviwashi. Plateleti zake, chembe za kugandisha damu, wiki iliyopita zilikuwa 42. Jana na juzi usiku alisikia baridi akaomba blanketi, asubuhi akaamka mzima. Shangazi anasema saratani imetoka nje. Kaka yangu anasema ni sumu ya dawa inatoka, tuiache itoke. Mzunguko wa pili ni wiki ijayo. Nimsimamishie dawa zote? Nimekutumia picha tatu.

Jibu: Marahaba, binti yangu. Picha zako nimezitazama na nitazirudia. Lakini katika barua nzima, sentensi iliyonishtua haihusu vipele. Ni ile ya blanketi.

Bendamustini huangusha chembe nyeupe za damu, na mara nyingi zinafika chini kabisa katika wiki ya tatu, yaani hapo alipo baba yako sasa. Mtu wa namna hiyo akitetemeka kwa baridi usiku, sisi tunahesabu kwamba ana homa ya maambukizi mpaka ithibitike vingine. Kuamka mzima asubuhi hakunipi faraja. Bakteria wakiingia kwenye damu, homa huweza kuja na kuondoka mara kadhaa kabla mgonjwa hajaanguka.

Kwa hiyo acha kusoma kwanza, kampime joto. Likifika 38.3 hata mara moja, au likikaa 38.0 kwa saa nzima, mnakwenda hospitali muda huohuo, hata kama ni saa nane za usiku. Kipimajoto cha kwapani husoma chini kidogo kuliko cha mdomoni, basi msibishane na nukta. Msimpime kwa njia ya haja kubwa, kwa sababu mchubuko mdogo wa huko unaweza kutoa damu au kupitisha bakteria. Kama anatetemeka na hamna kipimajoto, nendeni hivyohivyo. Mkifika mapokezi, maneno ya kwanza yawe haya: “Yuko kwenye kemo na ana homa.” Lengo ni apate antibiotiki ya mshipa ndani ya saa 1 tangu afike, hata kama majibu ya maabara hayajatoka. Na msimpe panadol kwanza ili “tuone kama itashuka”. Itashuka, na maambukizi yatabaki palepale.

Ndugu wa wagonjwa hunijibu, “Lakini daktari, hana jipu wala kidonda chenye usaha.” Usaha hutengenezwa na chembe nyeupe. Asiye nazo hana cha kutengenezea usaha. Sehemu iliyooza kwa bakteria kwenye ngozi ya mtu kama huyo inaweza kuonekana kama doa dogo lenye kitovu cheusi, halina usaha, halivutii macho ya mtu. Ukiona doa la namna hiyo, hasa kwapani, kinenani au matakoni, likapanuka kwa saa chache, hiyo nayo ni safari ya hospitali usiku huohuo.

Sasa turudi kwenye vipele. Kwa maelezo yako na kwa picha, nadhani baba hana vipele vya aina moja. Ana aina mbili zilizokutana kwenye mwili mmoja, na ndiyo maana kila mtu nyumbani ana jibu lake.

Vya kwanza ni vile vya kifuani, mgongoni na mikononi. Vimeenea kushoto na kulia kwa usawa, vinawasha, na vilianza siku ya 11. Hiyo ndiyo sura ya kawaida ya mwili kuikataa dawa. Daktari wa ngozi aliposema aleji hakukosea. Tatizo ni kwamba “aleji” peke yake ni nusu ya jibu. Aleji ya nini? Kama dawa inayomkera bado anaimeza kila asubuhi, krimu ni sawa na kupangusa maji sakafuni wakati bomba liko wazi.

Kumjua mkosaji, kalenda inasaidia kuliko picha. Picha inanionyesha kipele kikoje. Tarehe ndiyo inayoniambia kimetoka wapi. Chukua karatasi, andika siku moja moja tangu dawa ya kwanza ilipoingia mwilini mpaka leo. Mbele ya kila siku andika alichoanza, alichoacha, na ngozi ilikuwaje. Weka kila kitu: dawa za dukani, mitishamba, sindano, kidonge alichopewa na jirani kwa ajili ya jino, chupa ya damu kama aliongezewa. Wagonjwa huacha kutaja mitishamba kwa kuogopa kugombezwa, na mara nyingi hapo ndipo jibu lilipojificha. Mwambie baba hakuna atakayemgombeza.

Kalenda ikiwa mbele yangu, naisoma hivi. Mabaka yanayovimba ghafla ndani ya dakika au saa chache baada ya dawa ni mzio wa papo kwa papo. Rituksimabu hufanya hivyo, hasa dripu ya kwanza, mara nyingi mgonjwa akiwa bado kwenye kiti cha hospitali. Vipele vidogo vilivyoenea mwili mzima huja kati ya siku ya 4 na ya 14 tangu dawa mpya ianze. Ile hatari kuliko zote, ngozi kubabuka kama imemwagiwa maji ya moto, huja kati ya siku ya 4 na ya 28. Kuna na nyingine inayochelewa, wiki ya 2 mpaka ya 8, inayokuja na homa, uso kuvimba, tezi, na ini au figo kuumia. Baba alianza vidonge pamoja na dripu, vipele vikatoka siku ya 11. Tarehe hiyo inanielekeza kwenye vidonge kabla ya kitu kingine.

Na kati ya vidonge vyake, viwili vina sifa mbaya ya muda mrefu upande wa ngozi: alopurinoli na kotrimoksazoli, ambayo wengi mnaijua kwa jina la Septrin. Asiklovia ni mpole zaidi. Alopurinoli aliandikiwa kwa sababu dripu ya kwanza inaua chembe nyingi za saratani kwa mpigo, zikipasuka humwaga uchafu unaogeuka asidi ya yuriki, na asidi hiyo inaweza kuziba figo. Kotrimoksazoli inamkinga na nimonia ya fangasi ambayo watu wenye kinga iliyoshuka huipata kwa urahisi. Kila moja ina kazi ya maana. Lakini bendamustini ikikutana na alopurinoli, athari kali za ngozi zimeripotiwa, na onyo hilo limo kwenye maelezo rasmi ya dawa. Usiwakasirikie waliomwandikia. Figo kufa ndani ya siku tatu ni balaa kubwa kuliko vipele, na wagonjwa wengi humeza dawa hizi pamoja wakamaliza salama. Kosa lingekuwa kuviona vipele na kuendelea kana kwamba havipo.

Hapo nafika kwenye swali lako: usisimamishe zote. Ukizitupa zote leo, vipele vikapungua, hutajua ni ipi iliyokuwa inamdhuru, na siku ya kuzirudisha mtaanza kubahatisha. Wakati huohuo utakuwa umemvua ngao dhidi ya nimonia na mkanda wa jeshi katika wiki ambayo hana askari. Ila usiendelee nazo zote kimyakimya pia. Piga simu leo kwa waliompa dripu, kabla ya kidonge kinachofuata. Usiwaulize “tuendelee?”, kwa sababu mtu mwenye haraka atakujibu “endeleeni”. Waambie: “Ana vipele tangu siku ya 11, anameza alopurinoli na kotrimoksazoli, ipi isimamishwe leo na tuweke nini badala yake?” Swali la namna hiyo haliwezi kujibiwa kwa neno moja.

Ningekuwa mimi ndiye ninayemtibu, ningeitoa alopurinoli kwanza. Hatari ya asidi ya yuriki ni kubwa zaidi mwanzoni mwa matibabu, na baba ameshapita wiki karibu tatu. Akihitaji kinga bado, ipo febuksostati. Kotrimoksazoli nayo ina mbadala: pentamidini ya kuvuta, atovakwoni, au dapsoni, ila dapsoni sharti apimwe kwanza kimeng'enya cha G6PD, la sivyo chembe zake nyekundu zinaweza kupasuka. Hayo ni maamuzi ya daktari aliye na faili mkononi. Nakutajia ili ujue kwamba njia ipo, usije ukaambiwa ni hizo hizo au basi.

Zipo dalili zinazofuta mazungumzo yote ya simu. Ngozi ikiuma badala ya kuwasha, yaani hata shuka likimgusa anaruka. Malengelenge, au ngozi inayoteleza na kuchunika ukiisugua kidogo. Vidonda mdomoni, midomo kuwa na magaga ya damu, macho mekundu yanayouma au kutoa tongotongo, maumivu ya kukojoa. Uso kuvimba, macho kuwa ya njano. Ikitokea hata moja, kidonge kinachofuata hakimezwi, mnabeba dawa zote kwenye mfuko mmoja mnakwenda. Hapo saa ni mali. Kiganja cha baba pamoja na vidole vyake ni kama asilimia 1 ya ngozi yake. Hesabu ni viganja vingapi vimebabuka, uwaambie. Chini ya 10 na zaidi ya 30 ni magonjwa mawili tofauti kwa ukali.

Najua binti hawezi kumwambia baba yake mzee avue nguo akague sehemu za siri, wala yeye hatakubali. Lakini utando laini wa huko huumia mapema sana katika ule ugonjwa wa kubabuka, na wazee wengi hufa na siri yao. Mpe kaka yako kazi hiyo. Au kazi yake ni kutoa maoni tu? Au mwombe baba akague mwenyewe akiwa bafuni na akujibu neno moja: pamechubuka au hapajachubuka.

Jambo lingine kuhusu kuangalia. Vitabu vingi vya ngozi viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, ndiyo maana kila mahali unasoma “wekundu”. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani hivyo. Utaona zambarau, kijivu, kahawia iliyokolea, au ngozi imeng'aa tu kwa kuvimba. Tumia mgongo wa mkono wako kusikia joto, linganisha upande mmoja na mwingine. Tazama viganja, nyayo, ndani ya kope la chini na kaakaa, maana huko rangi haifichi sana. Picha zako mbili zilipigwa chini ya taa ya njano na hazinisaidii. Piga mchana karibu na dirisha, weka rula pembeni, na uchore mpaka wa baka kwa kalamu ili kesho ujue limepanuka au limesimama.

Sasa vile vidoa vya miguuni. Chukua bilauri ya kioo isiyo na maua, ibonyeze taratibu juu ya vidoa uangalie kupitia kioo. Vipele vya aleji hufifia ukivibonyeza. Vidoa visivyofifia ni damu iliyovuja chini ya ngozi, na hiyo si kazi ya setirizini wala krimu yoyote. Huanzia miguuni kwa sababu ya uzito wa damu, au pale soksi na mkanda wa suruali vinapobana. Naamini ndivyo vilivyo, kwa jinsi ulivyovieleza.

Plateleti za kawaida ni 150 mpaka 400, tukihesabu kwa maelfu kwenye maikrolita. Baba alikuwa na 42 wiki iliyopita. Kwa 42 sitarajii sana kuona vidoa hivyo vyenyewe tu. Huanza kuonekana namba ikiwa chini zaidi. Kwa hiyo nashuku namba ya leo si 42. Arudie kipimo cha damu cha kuhesabu chembe zote leo au kesho asubuhi, asisubiri wiki ijayo. Kwa mgonjwa aliyetulia, wengi wetu tunaongeza plateleti zikishuka chini ya 10. Akiwa na homa au anatokwa damu, hatusubiri zifike huko. Na muulize daktari kama kinga ya mwili wake mwenyewe ndiyo inayozila plateleti, maana lukemia ya aina hii ina tabia hiyo, na tiba yake si kuongezewa tu.

Vidoa vikavu vya miguuni vinanifanya niharakishe kipimo. Malengelenge ya damu ndani ya mdomo, damu ya pua isiyokoma, choo cheusi, au kichwa kuuma vibaya na maneno kuchanganyika, hivyo vinanifanya niite gari. Mpaka namba ijulikane, hakuna aspirini, hakuna ibuprofeni, hakuna diklofenaki, hata ya kupaka kwa wingi. Hakuna sindano ya msuli. Mswaki uwe laini.

Lakini pitisha kidole juu ya vidoa hivyo. Kama vimeinuka na unavisikia kama chembe za mchanga, habari inabadilika: mishipa midogo ya damu yenyewe imevimba, na dawa zinaweza kuwa chanzo. Mwambie daktari neno hilo, “vimeinuka”. Ataelewa.

Shangazi yako ana hoja, ila sidhani amelenga. Saratani ya damu inaweza kweli kuingia kwenye ngozi, lakini hiyo huonekana kama vinundu au mabaka magumu, yenye rangi ya zambarau au kahawia, yasiyowasha, yanayokaa wiki kwa wiki palepale. Haifuniki kifua na mgongo kwa siku mbili na kuwasha usiku. Katika lukemia ya baba ni jambo la nadra. Kuna kitu kingine ambacho lukemia hii hufanya na huwachanganya watu: uvimbe unaowasha kama umeumwa na wadudu, na mgonjwa anaapa hakuna mdudu aliyemgusa. Wengine hupulizia dawa chumba kizima. Na upo ugonjwa wa mabaka yanayouma, yaliyovimba, yenye kuja na homa kali, ambao daktari Mwingereza Robert Douglas Sweet aliueleza mwaka 1964 baada ya kuuona kwa wanawake 8. Unafuatana na saratani za damu, hasa zile kali, na unaweza kuamshwa pia na sindano za kupandisha chembe nyeupe. Unafanana mno na maambukizi, lakini antibiotiki hazisaidii. Steroidi, dawa za kutuliza uvimbe kama prednisoloni, huuzima kwa siku chache. Ndiyo maana mtu asikisie.

Kuhusu kaka, hapana. Dawa za kemo huvunjwavunjwa mwilini na mabaki yake hutolewa kwa kazi ya ini na figo, hazitoki kwa vipele. Wingi wa vipele hauonyeshi kwamba dawa inafanya kazi, wala kuviacha “vitoke” hakumsafishi mtu. Wazo hili limewachelewesha watu hospitali, na ndilo linalonikera kuliko yote katika barua yako.

Mkanda wa jeshi hujauuliza, lakini lazima niutaje. Kinga ikishuka, kirusi cha tetekuwanga kilicholala kwenye mishipa ya fahamu tangu utotoni huamka. Maumivu ya kuungua huja kwanza, upande mmoja wa mwili, siku chache baadaye malengelenge yaliyojikusanya kwenye mstari. Asiklovia anayomeza ni kwa ajili hiyo, kwa hiyo hakikisha anaimeza kweli. Wazee wakichoka na vidonge huanza kuchagua. Malengelenge yakitokea, dozi ya kinga haitoshi tena, anahitaji dozi ya tiba, vizuri zaidi ndani ya saa 72. Yakikaribia jicho au ncha ya pua, siku hiyohiyo. Na wajukuu ambao hawajaugua tetekuwanga, pamoja na mjamzito, wakae mbali na majimaji yake. Vipele vya aleji, kwa upande mwingine, havimwambukizi mtu, mshike mkono baba yako.

Hukuniambia kama ameongezewa damu. Kama aliongezewa, weka tarehe kwenye kalenda. Mtu aliyetumia bendamustini au fludarabini anapaswa kupewa damu iliyopigwa mionzi, kwa sababu limfositi hai za mchangiaji zinaweza kumgeuka na kushambulia ngozi, ini, matumbo na uboho wake. Ni nadra sana, lakini ikitokea kupona ni kwa shida. Waulize benki ya damu kabla ya chupa inayofuata, na ombeni iandikwe juu ya faili.

Kwa wasomaji ambao mzazi wao ana aina nyingine ya saratani ya damu, nipite haraka. Imatinibu huvimbisha kope za macho asubuhi. Sitarabini huchoma viganja na nyayo. Haidroksiurea ikitumiwa miaka mingi inaweza kuchimba vidonda karibu na vifundo vya miguu, visivyopona mpaka iachwe. Lenalidomidi huleta vipele, mara nyingi mwezi wa kwanza. Botezomibu huamsha mkanda wa jeshi. Na aliyepandikizwa uboho wa mtu mwingine, vipele vya viganja, nyayo na masikio katika siku 100 za kwanza ni vya kupigia simu siku hiyohiyo, hasa vikifuatana na kuhara.

Hospitali watamtoa damu kuangalia chembe zote, ini na figo, na watachukua damu ya kuotesha bakteria. Wakisema wanataka kukata kipande kidogo cha ngozi, mkubalie. Ni kipande cha milimita 3 mpaka 6, kwa ganzi, na hata plateleti zikiwa chini hufanyika kwa kubana vizuri na kushona uzi mmoja au miwili. Omba kipande kimoja kiende kuoteshwa vijidudu, kingine kwa mtaalamu wa darubini. Kuna vipele ambavyo mimi, baada ya kuviona miaka yote hii, siwezi kuvitofautisha kwa macho. Wala usione aibu kuwaomba daktari wa ngozi na daktari wa damu wapigiane simu. Mgonjwa hukwama pale kila mmoja anapodhani mwenzake ameshaamua.

Ile krimu, soma jina lake. Kama ni steroidi tupu, inaweza kutuliza muwasho ikipakwa nyembamba, si usoni, si penye ufa. Kama ni ile mirija ya mchanganyiko, steroidi na dawa ya fangasi na antibiotiki kwa pamoja, siipendi kwa mtu wa namna hii, maana inabadilisha sura ya kila kitu na haiponyi lolote vizuri. Vidonge vya prednisoloni vilivyobaki kabatini msiviguse. Hushusha homa bila kushusha maambukizi. Aoge maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo na manukato, ajifute kwa kugusagusa, na apakwe mafuta mazito yasiyo na harufu ngozi ikiwa bado na unyevu. Kata kucha zake fupi, mpe nguo za pamba, na juani asikae, kwani kotrimoksazoli huifanya ngozi iungue upesi. Spiriti, majani ya kusugua, dawa ya kuchua, hapana.

Mzunguko wa pili? Kwa vipele vyepesi vilivyotulia baada ya kuondoa dawa iliyomdhuru, mara nyingi unaendelea, pengine kwa kuchelewa kidogo. Lukemia yake ni ya kwenda polepole, na wiki moja au mbili kwa kawaida hazimpotezei kitu. Mwenye lukemia kali nisingemwambia hivyo. Kama ngozi ilibabuka au mdomo ulichubuka, basi bendamustini nayo inaingia kwenye orodha ya watuhumiwa, na huenda mpango mzima ukabadilishwa. Siku hizi zipo dawa za vidonge kwa ugonjwa wake. Dawa itakayothibitika kumletea madhara makali asiionje tena maisha yake yote, hata robo ya kidonge “kujaribu”. Jina lake liandikwe kwenye kadi anayotembea nayo, na wewe uwe na nakala kwenye simu, kwa sababu siku atakayopelekwa hospitali nyingine akiwa hoi, hataweza kulitaja.

Ukiniandikia tena, usianze na picha. Anza na namba tatu: joto la leo usiku, plateleti, na neutrofili, yaani zile chembe nyeupe zinazopigana na bakteria. Kisha ile kalenda.